Jumapili niko jikoni: namwingizaje Mungu katika siku nzima?

KijanaWaMasasi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni kijana wa Masasi, Mwanglikana wa ukoo, na sasa nafanya kazi ya upishi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, hapa Unguja. Nyumbani nimekulia kwaya: Jumatano mazoezi, Ijumaa maombi, Jumapili ibada. Huku mambo ni mengine. Jumapili ndiyo siku wageni wanapoingia kwa wingi, ofu yangu huangukia Jumanne au Jumatano, na kutoka huku hadi kanisa kuu letu la Mkunazini, mjini, ni daladala na vumbi. Kanisani nafika pale zamu zinaporuhusu.

Ila swali langu ni pana kuliko ibada. Nikiangalia maisha yangu, Mungu amekuwa kama achari pembeni mwa sahani: ipo, ina ladha yake, ukitaka unachovya. Nataka awe tui ndani ya mchuzi, lile ambalo likishaingia hulitoi tena. Nasali kabla ya zamu, usiku nasoma sura moja nikiwa na nguvu. Lakini kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, katikati ya moto, oda na mizaha ya jikoni, akili yangu iko mbali naye. Kisha simu, kisha soga, kisha usingizi. Bahashishi za wageni zinaingia na kutoka bila hata kumuuliza Mungu zifanye nini.

Na kuna jambo ndilo linalonifanya niandike usiku huu. Mimi ndiye ninayepokea samaki na pweza asubuhi. Pweza wanakuja kwenye kreti na barafu na maji yake. Safari hii nilichuja nikapima, kilo 18. Karatasi ya mzigo imeandikwa 20. Mleta samaki ni mtu mzima, mpole, anajuana na kila mtu hapa. Akaniambia, "Saini tu kijana, hizo mbili ni za maji, mwisho wa mwezi tutaelewana." Aliyekuwa nafasi hii kabla yangu alikuwa anasaini. Mimi nimeandika 18 kwa penseli, nikaacha pa kusaini wazi, nikasema tutamaliza mzigo ujao. Mzigo ujao ni keshokutwa.

Sasa ndugu zangu, tukisema Mungu aingie katika kila sehemu ya maisha, maana yake ni kuongeza vipindi vya sala, au ni kitu gani hasa?

Mwombaji wa Mwanakwerekwe

Amina, kaka. Mimi naamini sala ndiyo mlango. Weka alamu kwenye simu yako: saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa. Ikilia, hata kama umeshika kikaango, sema neno moja na Mungu. Danieli alikuwa mtumishi wa serikali, tena katika nchi ya ugeni, ana mafaili na mafisadi pembeni yake, na bado alipiga magoti mara tatu kwa siku. Sala zisipokuwa na saa, zitamezwa na kazi. Kuhusu hiyo karatasi, usisaini. Nakuombea.

Mama wa Wete

Mwanangu, amani kwako. Nimechelewa kujibu, wingu lilitanda huku Wete, Pemba, ikabidi nikimbilie kuanua karafuu, zina siku ya pili tu juani.

Ndugu aliyetangulia kasema kweli kuhusu sala na mie sina la kupunguza. Lakini ulipoandika 18 kwa penseli, Mungu alikuwa ameshaingia jikoni kwenu. Ungekuwa umemwacha kanisani, mkono wako ungeandika 20 na usingizi ungekuja vizuri tu.

Nikueleze ya kwetu. Nina mikarafuu katika shamba la eka tatu alilopewa baba mkwe wangu baada ya Mapinduzi. Mume wangu ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo msimu ukifika ni mie ninayetafuta wachumaji, ninayewapikia uji, na jioni ninayewapimia. Mchumaji analipwa kwa pishi, kile kipimo chetu cha kujaza. Anapanda na kamba na upembo wake, kijiti cha kuvutia matawi, na mkarafuu ni mti wa hatari, tawi lake halipindi, linakatika tu. Anashinda huko juu tangu umande haujakauka. Jioni tunakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na harufu haitoki hata ukisugua kwa ndimu. Makonyo hatutupi, yana kiwanda chake kule Wawi, yanakamuliwa mafuta. Halafu ndipo kinaletwa kipimo.

Sikiliza sasa. Pishi ina namna mbili za kujazwa. Kuna pishi ya mfuto: unajaza, unapitisha mkono juu ya mdomo wa kipimo, kinachozidi kinarudi chini. Na kuna pishi ya fara: unajaza mpaka inasimama kichuguu na kumwagika kando. Tofauti yake ni konzi, ujazo wa mkono mmoja. Kwa pishi moja hakuna atakayeiona, lakini siku baada ya siku, msimu mzima, hiyo konzi ni viatu vya skuli vya mtoto wa watu. Tukishakubaliana mfuto, basi ni mfuto, hata kama magharibi imeingia, kiza kimetanda, mchumaji kachoka hatazami, na kipimo kiko mkononi mwangu. Nimesali sana katika maisha yangu, nimefunga, nimelia mbele ya madhabahu. Sala iliyo ngumu kwangu kuliko zote ni ya mkono huu unapopita juu ya pishi na hakuna anayeniangalia.

Chukua Biblia yako usome Walawi 19 taratibu, usiirukeruke. Inaanza kwa Mungu kuwataka watu wake wawe watakatifu. Ukitegemea itakupeleka hemani kwenye uvumba, inakupeleka kondeni: usivune mpaka pembeni, waachie maskini na mgeni. Inakupeleka kwa kibarua: ujira wake usilale kwako mpaka asubuhi. Inakupeleka kwa kiziwi, usimlaani. Mstari wa 18 ndio ule tunaoupenda wote, wa kumpenda jirani. Na kabla sura haijafungwa, mizani, mawe ya kupimia na vipimo, viwe vya haki. Aliyesema mpende jirani yako ndiye huyo huyo aliyesema na kipimo chako kiwe sawa, katika sura moja. Sisi ndio tuliozitenganisha, moja tukaipeleka kanisani na nyingine tukaiacha sokoni.

Huo mstari wa ujira ndio unaonisumbua zaidi. Mie nalipwa na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, nikishapeleka karafuu kavu kituoni, na karafuu haikauki kwa siku moja, tena mvua ikiingilia ndiyo zaidi. Aliyepanda leo anataka kula leo. Kwa hiyo msimu haujaanza najitafutia akiba, nauza kuku, nashona, ili jioni mtu akishuka mtini hela yake iwepo. Naihesabu mbele yake na moyoni nasema, Bwana, hii ndiyo sadaka yangu ya jioni.

Wachumaji wangu takriban wote ni Waislamu. Hakuna anayetia mguu kwenye mkarafuu bila Bismillahi. Azana ya adhuhuri ikisikika wanashuka. Mie nami nikiisikia nasema Baba Yetu, kimya kimya, huku nachochea kuni. Huyo ndugu wa alamu hajakosea, ila sisi tunaoishi visiwani tunakumbushwa mara tano kwa siku na wala hatuhitaji chaji ya simu. Nimeanza hivyo tangu nilipoolewa huku na imeninyosha mno, kwa sababu azana haichagui saa nzuri. Inakukuta unanung'unika, inakukuta unamsema jirani, na hapo hapo inabidi useme "utusamehe makosa yetu".

Kuhusu simu na mizaha ya jikoni sina mengi. Angalia tu unamsema nani akiwa hayupo.

Na huyo mleta samaki usimtangaze kwa watu. Ni mtu mzima, ana heshima yake. Mwite kando, mwambie, "Baba, mie naandika kinachosemwa na mizani. Njoo tuchuje pamoja." Mpe nafasi aisahihishe karatasi kwa mkono wake mwenyewe.

Nahodha wa Malindi

Mama, nakuheshimu na ya pishi yamenigusa. Lakini nataka kusema upande wa pili. Sisi Wakristo hapa ni wachache. Kijana mgeni, hana hata mwaka, akianza kumrekebisha mzee wa kijiji juu ya kilo mbili za maji, kesho itasemwa hawa wa bara wanajifanya wasafi. Nimeuza samaki, najua, biashara ya samaki ina maji, kila mtu anajua. Mungu anaangalia moyo. Kijana aishi na watu kwa amani, asali, awe na tabia njema, hayo mengine yatajirekebisha.

Mama wa Wete

Nahodha mwanangu, amani na watu naitaka kuliko unavyodhani. Nimeishi huku mjane kati ya majirani Waislamu na hawajaniacha nilale njaa siku hata moja.

Lakini kama desturi ni kuuza pamoja na maji, basi iandikwe hivyo, bei ishuke, kila mmoja ajue. Ninachokataa ni mizani kusema lake, karatasi kusema lake, na anayelipa hayupo hapo kuona. Na usidhani huyo mzee kipimo cha haki ni kitu kigeni kwake. Waislamu wana sura nzima katika Qur'ani inayoanza kwa ole kwa wanaopunja vipimo. Ameisoma chuo cha Qur'ani akiwa mtoto. Kijana akimwendea kwa adabu, watakutana mahali wanapopajua wote wawili.

Na huo uchache wetu unaousema, mie ndio unaonifanya niwe mwangalifu na pishi. Huku kuna watu, Mkristo pekee wanayemjua kwa karibu ni mie.

KijanaWaMasasi

Shikamoo mama. Nimesoma Walawi 19 jioni hii nyuma ya stoo, na mstari wa 13 nimeurudia.

Lakini mama, wewe pishi iko mkononi mwako. Mimi ni wa chini. Bado niko kwenye muda wa majaribio, na sina hakika kama walio juu yangu hawajui habari hii. Nikiandika 18 kwa wino, huenda mwezi ujao sina kazi. Nyumbani mdogo wangu yuko kidato cha tatu na ada natuma mimi. Hapo Mungu anaingiaje? Nauliza kwa dhati.

Mzee wa Mbweni

Tumsifu Yesu Kristo, kijana. Nimekuwa nafuatilia tangu mwanzo.

Unatoka Masasi, basi mimi na wewe tuna undugu wa zamani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka hapa Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaenda kupiga makazi Masasi. Wengine walibaki Mbweni kwenye shamba la misheni, na mimi ni uzao wa hao waliobaki. Ukristo wako na wangu umetoka kwa watu waliowahi kuwekwa sokoni wakatajiwa bei.

Hilo soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Misheni ilikuwa na ardhi nyingine, Kiungani na huku Mbweni, sehemu safi zenye upepo wa bahari. Kanisa kuu lingeweza kujengwa huko na hakuna ambaye angelaumu. Wakalipeleka pale pale sokoni. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huo huo, 1873, na Krismasi ya 1877 watu walisali ndani jengo likiwa halijamalizika. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Na madhabahu yenyewe, kwa masimulizi tuliyoyapokea, iko mahali palipokuwa na nguzo ya kuchapia watu. Ukipata ofu yako ya Jumanne nenda ukasimame hapo kabla watalii hawajajaa. Pale watu walikaguliwa meno na misuli, wakapewa thamani, hela ikabadilisha mikono. Wazee wetu walipotaka kumpa Mungu mahali katika mji huu, walimpa penye hesabu iliyooza kuliko zote.

Kwa hiyo unapouliza Mungu anaingiaje kwenye karatasi ya pweza, mimi sioni kuwa ni pahali padogo kwake.

Sasa kuhusu kazi yako. Siwezi kukuahidi kwamba hutaondolewa. Anayekuahidi hivyo anakudanganya, hata akikupa na mstari. Danieli aliyetajwa hapo juu alitupwa tunduni kwanza. Lakini mimi nimekuwa mtu wa stoo mpaka nilipostaafu, na kuna namna ya kuwa mwaminifu bila kugeuka kuwa mshitaki. Usiseme "mnaiba". Wala usiende kwa meneja na hadithi. Chora tu safu mbili kwenye daftari lako la mapokezi: uzito ulivyofika, uzito baada ya kuchuja. Pima mwenye mzigo akiwepo. Asaini yeye, usaini wewe, andika na saa. Fanya hivyo kwa pweza, kwa jodari, kwa kamba, kwa kila anayeleta, ili asionekane amelengwa mtu mmoja. Akija yeyote kuuliza, daftari ndilo litakalomjibu. Nakala ya karatasi za mzigo kaa nazo.

Na ada ya mdogo wako iombee kwa jina, kwa kiasi chake, shilingi kwa shilingi. Wengi tunamwomba Mungu "atubariki" halafu hesabu tunaifanya peke yetu usiku. Mwonyeshe na hesabu.

Jambo la mwisho, usibaki peke yako. Hapo hotelini hakosi Mkristo mwingine, awe Mkatoliki, Mlutheri, Mpentekoste. Mtafute. Robo saa baada ya zamu, pwani, zaburi moja, mnaombeana, mnaenda kulala. Na kabla ya kupanda daladala siku ya ofu, piga simu ofisi ya kanisa uulize ibada za katikati ya wiki, usije ukakuta mlango umefungwa.

Nahodha wa Malindi

Hilo la safu mbili nalikubali, mzee. Hilo halimvunjii mtu heshima. Kijana, mwambie pia huyo mleta samaki atoboe kreti chini. Maji yatatoka njiani na hamtakuwa na la kubishania.

KijanaWaMasasi

Wapendwa, nimerudi kuwaeleza. Samahani kwa ukimya, ukumbi ulikuwa umejaa.

Mzigo ulikuja saa moja kasoro asubuhi. Nilisali kabla, nikiwa nimesimama mlango wa nyuma, na niseme ukweli magoti yalikuwa yanatetemeka. Nikamsalimu mzee, nikamwambia kama mama alivyosema, kwamba mimi naandika kinachosemwa na mizani na naomba tuchuje pamoja. Alikaa kimya kidogo. Kisha akavua kofia yake, akaiweka juu ya mfuniko wa friza, akakunja mikono ya kanzu na kushika upande mmoja wa kreti. Tulilinamisha hadi tone la mwisho. Ilivyofika kilo 21, baada ya kuchuja 19. Akachukua kalamu mwenyewe, akaandika 19, na ile ya juzi akakata 20 akaandika 18. Akasema, "Hesabu ya wiki hii imekwisha." Hakukasirika, au hakunionyesha.

Nikamweleza kuhusu kutoboa kreti. Akasema ana mpwa wake fundi.

Nimempata mwenzangu pia, dada wa vyumbani kutoka Iringa, Mlutheri. Jana tumesoma Zaburi ya 15 pwani, na Mwislamu mmoja wa bustanini akakaa nasi akisikiliza, akauliza kama naye anaweza kuombewa mama yake anayeumwa. Tukamwombea.

Meneja ameliona daftari. Ameuliza safu ya pili ni ya nini, nimemweleza, akasema tutaongea Jumatatu. Hakusema zaidi na sijui amelichukuliaje. Mzee wa Mbweni, nakala za karatasi ninazo. Mama, ada ya mdogo wangu ni shilingi 85,000 zilizobaki kwa muhula huu. Nimeiandika kwenye ukurasa wa mwisho wa Biblia, na tangu juzi naitaja kila azana.